Deni Hili Si Langu



Kila Jumapili ya pili ya mwezi, ibada ikiisha, baadhi yetu huketi ukumbini kwenye ile meza ndefu karibu na jiko, kuwasaidia watu kusoma barua. Zinakuja za shule, za hospitali, za mwenye nyumba, za mahakama, na siku hizi nyingi ni za krediti. Mchungaji alituomba tuandike kidogo juu ya hizi za mwisho. Tulidhani tutaandika maelekezo tu, andika hivi, tuma kule. Tulipokaa kuandika tukaona maelekezo si magumu. Kigumu ni swali ambalo mama mmoja wa kanisa letu alituuliza, na ambalo sisi wenyewe, watu wanne wa meza moja, hatujakubaliana kabisa namna ya kulijibu. Ametupa ruhusa tulieleze bila kumtaja.

Mama huyu alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu karibu na shule ya wanawe. Kazi anayo. Alikuwa na karatasi za mshahara, na barua ya mwenye nyumba wake wa sasa kwamba hajawahi kuchelewesha kodi. Akalipa ada ya maombi, dola 50 ambazo hazirudi. Siku mbili baadaye akaambiwa hapana, kwa sababu ya ripoti yake ya krediti. Sheria inamtaka anayekukatalia kwa sababu hiyo akutajie kampuni iliyompa ripoti, nawe una siku 60 za kuomba nakala bila malipo. Akaiomba, akaja nayo mezani ameikunja ndani ya Biblia.

Kwa waliofika karibuni tueleze. Hapa Marekani kuna kampuni kubwa tatu, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo kazi yao ni kuweka kumbukumbu za nani alikopa, nani alilipa, nani alichelewa. Hukuziomba zikuandike. Wakenya walio kati yetu wanaijua CRB na wanajua uchungu wa kuorodheshwa. Hapa ni jambo la namna hiyo, ila linakufuata hadi chumbani. Mwenye nyumba anaisoma ripoti hiyo, kampuni ya bima ya gari inaisoma, hata waajiri wengine wanaisoma ukiwaruhusu. Kutokana nayo hutengenezwa alama, kwa kawaida kati ya 300 na 850, na alama hiyo hutembea mbele yako kila uendako.

Katika ripoti ya mama tulikuta madoa mawili.

La kwanza lilikuwa deni la hospitali, dola 1,140, katika jimbo ambalo hajawahi kukanyaga. Juu ya karatasi paliandikwa pia anwani ya huko, na mwajiri ambaye ni kiwanda cha kuku. Aliyedaiwa alikuwa na jina la kwanza kama lake, jina la ukoo likitofautiana herufi moja, mwaka uleule wa kuzaliwa, na tarehe ileile: 1 Januari. Wengi mnacheka mkisoma hapa. Tulipoandikishwa kambini, asiyekuwa na cheti wala kumbukumbu ya siku aliandikiwa 1 Januari, basi mwaka mpya ukifika nusu ya kanisa letu tunatimiza miaka pamoja. Lakini mashine haijui hadithi hiyo. Inalinganisha jina, tarehe, anwani na namba, na ikiona vimefanana vya kutosha, inawafanya watu wawili kuwa mmoja.

La pili lilikuwa gari. Mtoto wa kaka yake alinunua gari kwa mkopo, krediti yake ikawa haitoshi, akamwomba shangazi aende naye kusaini. Kijana akapoteza kazi, akaacha kulipa, gari likavutwa usiku, likauzwa mnadani kwa bei ya chini, na zikabaki dola 6,300. Kwa sheria, aliyesaini pamoja na mkopaji anadaiwa zote, si nusu.

Sasa, mjini kuna bwana mmoja anayesema anasafisha krediti. Alimwambia mama alipe dola 900, nusu mkononi siku ileile, naye atapinga kila mstari mbaya kwa maneno mawili: si langu. Alimweleza kwamba ukipinga, kampuni ya kumbukumbu ina siku 30 za kuchunguza, na kisichothibitishwa lazima kifutwe. Hapo hakudanganya. Sheria ya mwaka 1970 ndivyo inavyosema, ingawa mara nyingine siku hufika 45. Ambacho hakusema ni kwamba sheria nyingine, ya mwaka 1996, inamkataza mtu wa kazi yake kuchukua fedha kabla ya kazi kukamilika, na inamkataza kumshauri mteja aseme jambo la uongo juu ya krediti yake.

Mama akatuuliza hivi: "La hospitali nitasema si langu kwa sababu si langu. La gari nalo sikulila mimi. Gari lenyewe sijawahi hata kulipanda. Nikisema nalo si langu, nitakuwa nimekosa?"

Kabla hatujajibu aliongeza jambo lililotushangaza zaidi. Alisema siku chache nyuma alitaka kulipa lile la hospitali ili ayamalize. Dola 1,140 za mtu asiyemjua! Alisema kugombana na makaratasi ya wazungu si kazi ya mkimbizi, na Mungu atamrudishia.

Tunalijua wazo hilo, kwa sababu wengi wetu tumeishi kwalo. Tumetoka mahali ambapo kumwambia mtu wa ofisini "umekosea" kungeweza kukugharimu zaidi ya fedha, na tukajifunza kuita woga wetu unyenyekevu. Pamoja na hayo, fikirini: ukilipa deni lisilo lako ili upate amani, umesema nini? Umesema kwa fedha yako kwamba ni lako. Umeithibitishia mashine kwamba yule mwanamke wa kiwanda cha kuku na wewe ni mtu mmoja, na deni lake lijalo litakuja mlangoni kwako tena. Katika hili wanne wote tulikuwa na neno moja: kunyamaza kwake kungekuwa ushahidi wa uongo. Asingemwonea mtu mwingine, angejionea mwenyewe, lakini uongo ungebaki uongo.

Basi tukaandika barua. Jina, anwani, nakala ya kitambulisho, nakala ya ukurasa wenye mstari uliozungushiwa wino, sababu kwa sentensi tatu. Moja kwa kampuni ya kumbukumbu, moja kwa yule aliyeipelekea habari, zote kwa rejista yenye risiti ya kupokelewa. Nakala, ndugu zangu, si karatasi zenyewe. Baada ya wiki nne jibu likaja: imethibitishwa, deni ni lako. Mama akalia pale mezani. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, kwa sababu barua yako ndefu huko inageuzwa namba fupi ya aina ya lalamiko, inapelekwa kwa mdai kwa kompyuta, mdai anaangalia kama jina na tarehe vinafanana na alivyonavyo, na vinafanana kweli. Tukaandika ya pili, safari hii tukaweka karatasi ya mshahara ya wiki ileile yule mwingine alipolazwa, inayoonyesha mama alikuwa zamu hapa mjini siku zote tano, na barua ya shule ya watoto. Wiki tatu, mstari ukafutwa. Tukaanza upya na kampuni nyingine mbili, maana kufutwa kwa moja hakuiamuru nyingine.

Katikati ya kuandika barua hiyo ya pili mama alisimamisha kalamu. "Na huyu mwenzangu? Nikisema mimi si yeye, nimemshtaki?"

Hatukuwa tumefikiria. Sisi tulikuwa tunaona kosa la mashine. Yeye aliona mtu. Kwenye karatasi ile alikuwa amesoma anwani ya mwanamke mwingine, kazi yake, ugonjwa wake kwa namna fulani, na umaskini wake. Huenda walipanga foleni moja ya maji kambini. Alitaka hata kumwandikia, amwambie wanachanganywa, ajiangalie. Mmoja wetu akasema ni upendo. Mwingine akasema mtu asiyekujua akipata barua kutoka jimbo jingine inayotaja deni lake la hospitali atakufa kwa hofu, na siri uliyoipata kwa kosa la mwingine haijawa yako kuitumia, hata kwa wema. Tulikubaliana na huyu wa pili, ingawa si kwa moyo mweupe. Barua ikasema tu: mtu huyu si mimi, na hizi ndizo dalili. Haikusema ni nani, wala anakaa wapi, wala deni apelekewe nani. Kusema mpaka pale unapojua na kunyamaza pale usipojua ni kazi nzito kuliko tulivyodhani.

Sasa turudi kwenye gari, maana hapo ndipo tulipotengana.

Mzee wetu alisema sahihi ni sahihi. Akatukumbusha deni la tiketi za ndege, ambalo wengi wetu tulilisaini kabla hatujajua dola moja inanunua nini, kwa lugha tusiyoweza kuisoma, na tukalilipa mwezi kwa mwezi. Hatukusema si letu. Akasema Mithali inaonya juu ya dhamana kuliko mahali pengine popote, ila hata pale haimwambii mdhamini akane. Inamwambia aende akamsihi aliye na deni lake. Akamalizia kwa dawa ya deni ni kulipa.

Dada yetu mdogo, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee, hakukubali. Tunaweka maneno yake kwa ukamilifu kwa sababu tunadhani wengi wenu mtasema naye. Alisema: huyo mdai ni benki iliyouza gari kwa bei ya kutupa na kumwachia shangazi pengo. Barua ya kupinga haisomwi na mtu, ni mashine inayoongea na mashine. Kama benki haiwezi kujisumbua kujibu ndani ya siku 30, ni sheria yenyewe iliyosema ifutwe, si sisi. Na mwenye kulipia kimya cha mama ni watoto watatu wanaolala chumba kimoja. "Mnamwogopea nani uongo?" akauliza. "Mashine haina uso."

Mzee akajibu kwa methali: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dada akacheka, akasema tangu lini benki ikawa mnyonge. Tulicheka wote, na kwa kweli alikuwa amemshinda.

Lakini tulipokwenda nyumbani kila mtu na mawazo yake, jambo moja lilibaki. Fomu ya kupinga haikuulizi kama deni ni la haki. Inakuuliza kama habari ni ya kweli. Hayo ni maswali mawili, na hasira ya dada yetu, ambayo ni hasira ya haki, ilikuwa inajibu la kwanza kwenye nafasi ya la pili. Mama alisaini. Ndiyo, aliambiwa na muuzaji kwamba ni kama kumshuhudia kijana tabia. Ndiyo, ile karatasi ya onyo ambayo sheria inataka mdhamini apewe alipewa kwa Kiingereza, akaisaini pamoja na nyingine katika dakika kumi. Hayo yote ni kweli na yanastahili kusemwa. "Si langu" peke yake hayasemi hata moja kati ya hayo. Inasema sikuwepo.

Na kuna wengine ndani ya swali hili. Sheria inairuhusu kampuni ya kumbukumbu kutupilia mbali pingamizi inaloliona halina msingi. Barua za kupinga kila kitu, zenye maneno yaleyale kutoka kwa wasafishaji walewale, ndizo zinazowafundisha watu wa ofisi hizo kwamba mlalamikaji ni mwongo. Mama wa 1 Januari akiandika ukweli wake wiki hiyohiyo, barua yake inaangukia kwenye rundo hilo. Isitoshe, kilichofutwa kwa kukosa jibu kinaweza kurudishwa mdai akithibitisha baadaye, watakuarifu tu kwamba kimerudi. Na kufutwa kwenye ripoti si kufutwa kwa deni. Lakini hizi mbili za mwisho ni sababu za hesabu, tusizifanye za dhamiri. Kama uongo ungefanya kazi kikamilifu, swali la mama lingekuwa palepale.

Alichofanya mwishowe alikiamua mwenyewe, si sisi. Hakupinga mstari wa gari. Alipinga kiasi, kwa sababu tulipohesabu tuliona mdai hakuwa ameondoa malipo mawili ambayo kijana alikuwa na risiti zake, na hilo likarekebishwa. Kisha akampigia mdai simu, mmoja wetu akitafsiri, wakakubaliana dola 75 kwa mwezi. Doa litabaki takriban miaka saba tangu kijana alipoanza kuacha kulipa. Dada yetu alisema angalau hata Marekani wamesoma Kumbukumbu la Torati, mwaka wa saba. Mzee akamjibu kwamba kule deni ndilo liliachiliwa, huku wanasahau tu.

Ile nyumba ya vyumba vitatu ilipata mpangaji mwingine zamani. Mama bado yuko kwenye vyumba viwili. Hatuandiki hapa kwamba ukweli ulimlipa.

Tumefikiria pia kosa ambalo hakuna aliyelisoma bado. Mwaka 2011 huko California mtu aitwaye Sergio Ramirez alikwenda kununua gari, akakataliwa kwa sababu ripoti ilisema jina lake linafanana na la watu walio kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Walilinganisha jina la kwanza na la mwisho, basi. Mkewe akanunua gari kwa jina lake yeye. Kesi ikawa ya watu 8,185, na Juni 2021 Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema 1,853 ambao ripoti zao zilipelekwa kwa wengine walidhurika, na 6,332 ambao zao zilibaki kwenye kabati la kampuni hawakudhurika kiasi cha kulipwa fidia. Tulibishana juu ya hilo wiki mbili. Je, ukiandikwa gaidi kwenye daftari ambalo halijafunguliwa, umeonewa? Majaji waliulizwa juu ya fidia, na huenda kwa fidia walijibu vema. Sisi hatuwezi kulala kwenye nyumba yenye daftari hilo. Ndiyo maana tunawasihi muombe ripoti zenu kabla ya kutafuta nyumba, si baada. Ni bure, unaweza kila wiki, kupitia annualcreditreport.com. Uchunguzi wa Tume ya Biashara ya Shirikisho uliotolewa 2013 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana kosa lililosahihishwa alipolipinga, angalau kwenye moja ya ripoti zake tatu. Na hao wengi wao wana siku zao za kuzaliwa za kweli!

Neno moja zaidi, kwa wazazi, na tunalisema kwa upole kwa sababu limo ndani ya nyumba zetu. Kuna bili za umeme na simu zilizoandikwa kwa jina la mtoto kwa sababu jina la baba lilikuwa limeshaharibika. Baridi ilikuwa kali, tunajua. Mtoto huyo sasa ana miaka 19, anaomba apatimenti ya chuo, anakuta anadaiwa tangu akiwa darasa la nne. Sheria ina njia: anaripoti wizi wa utambulisho kwenye identitytheft.gov, na kampuni za kumbukumbu zikipokea ripoti hiyo na uthibitisho wake zina siku nne za kazi kuuzuia mstari huo. Ila ripoti hiyo ni kusaini kwamba kuna aliyetumia jina lake bila idhini, na anamjua ni nani. Wamekuja vijana wawili mezani kwetu, wakaiangalia fomu, wakaikunja wakaondoka. Baba, mama, msimwachie mtoto swali hilo. Nendeni ninyi kwa kampuni ya umeme, mseme jina ni la mtoto na deni ni letu, mlipe kidogo kidogo. Barua tutawaandikia sisi, na hatutauliza zaidi ya hapo.

Meza ipo Jumapili ya pili kama kawaida, baada ya ibada ya Kiswahili. Leteni ripoti zote tatu, kitambulisho, na risiti zozote mlizotunza hata kama zimefifia. Wale wa 1 Januari mje mapema, zenu huchukua muda.